Mapipa Matano ya Rwamgasa

Mimi mdomo wangu haujui kubembeleza, na Ushirombo nzima inalijua hilo. Kwa hiyo sianzi leo. Nitasema kama ilivyokuwa, na anayetaka kunihukumu asubiri kwanza nimalize.

Naitwa Martina, Mama Suzana. Nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kumi na mmoja tuliokuwa tunatengeneza juisi ya ukwaju nyuma ya soko. Na juisi yetu ilikuwa nzuri, asikudanganye mtu. Tulichemsha ukwaju wenyewe, tukachuja kwa kitambaa, tukatia sukari na tangawizi, tukapoza, tukajaza ndoo. Abiria wa mabasi walikuwa wanashuka wanaulizia "ile ya Mama Suzana." Halafu zikaja chupa za kiwandani kutoka mjini, zina picha ya tunda ambalo humo ndani halijawahi kupita hata siku moja. Mgambo akatuambia kinywaji kisicho na cheti marufuku stendi. Ndoo zetu zilipigwa teke mbele ya watu. Mwaka mzima tukabaki tunauziana wenyewe kwa wenyewe, na waliokuwa wananiamkia kwa heshima wakaanza kunipita kama nguzo ya umeme.

Ndipo ukaja mpango wa serikali wa kuinua viwanda vidogo vya vyakula na vinywaji, eti viweze kushindana na kudumu. Aliyetuletea ni afisa mmoja, Bi Apolonia, binti mpole wa miwani, asiyejua kupandisha sauti. Alitusomea mwongozo ukurasa kwa ukurasa. Wilaya nzima kingechukuliwa kikundi kimoja tu. Hicho kingepewa cheti, mashine ya kujazia chupa, na ruhusa ya kuuza stendi, madukani, mpaka kwenye kantini za migodi. Vingine vitano vilivyoomba, poleni, mrudi mkalime.

Kulikuwa na masharti. Siku ya ukaguzi, ambayo ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, kila kikundi kiwe na mapipa matano ya lita mia mbili yenye mifuniko ya kubana, na yote yawe yamejaa bidhaa. Na kwa ajili ya mazingira, anayetumia tena mapipa yaliyokwishatumika, badala ya kununua mapya, anaongezewa alama. Bi Apolonia alilirudia hilo mara mbili. Lusia, aliyekuwa amekaa pembeni yangu, akanifinya paja.

"Mama Suzana," akaninong'oneza, "cheti hiki chetu."

Lusia ndiye Mama Doto, mama wa mapacha. Tuliolewa mwaka mmoja, tukazaa mwaka mmoja, na mvua ya mawe ilipobomoa nyumba yangu nililala kwake miezi mitatu bila kuulizwa nitaondoka lini. Hakuwa na maneno mengi. Nikisema twende, anachukua kanga, tunakwenda.

Basi, mapipa. Ushirombo nzima hayakuwepo. Wale wa vikundi vingine walikuwa wameshayazoa yote, mpaka la kukingia maji pale zahanati. Jumatatu nikapanda gari mpaka Rwamgasa, kwa wachimbaji, maana kule hakuna kitu kinachokosekana. Nikaelekezwa kwenye uwanja wa kijana mmoja anayeitwa Maulidi, muuza vyuma chakavu na makorokoro, karibu na planti moja ya kuchenjulia dhahabu. Mapipa ya bluu yalikuwa yamepangwa ukutani, mazuri, mazima, mifuniko yake ina pete za chuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nataka haya matano."

Maulidi akayatazama, akanitazama mimi. "Haya yana dawa, mama."

Jamani, nisikilizeni vizuri hapa. Sisi tangu kile kipindupindu, dawa ni nini? Mabwana afya walipita nyumba kwa nyumba na vidonge, wakatufundisha: maji yasiyo na dawa yanaua, maji yenye dawa ni salama. Mpaka leo mtu akikukaribisha maji unauliza, yana dawa haya? Na huyo Bi Apolonia mwenyewe alikuwa ametuambia juisi bila dawa ya kuitunza haikai wiki. Sasa mtu ananiambia mapipa yana dawa! Nikajiambia, Martina, leo umeamka na Mungu, mtu kakuoshea kabisa.

"Hayo hayo," nikasema. "Bora zaidi."

"Unaenda kuyafanyia nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini mimi nikajua, nikimtajia mradi wa serikali atanipandishia bei. Na sipendi kuulizwaulizwa. "Ya kuwekea maji ya kujengea," nikasema. "Kwani kununua pipa kuna kibali?"

Akacheka, akanyanyua mikono. "Aa, kama ya kujengea hakuna shida, mama. Chukua."

Uongo wangu ule ulikuwa mdogo kweli kweli. Ni uongo unaosemwa sokoni kila siku na kila mtu. Nikimkumbuka yule kijana anavyocheka natamani ningekuwa mtu wa kujibu vizuri, mara moja tu katika maisha yangu.

Jumanne tukayaosha, mimi na Lusia. Ilikuwa kiangazi, maji ya foleni, tukayasuuza mara moja kila moja, tukamwaga uani. Kwenye ubavu wa kila pipa mtu alikuwa amekwangua karatasi iliyokuwa imebandikwa, pamebaki kona nyekundu. Lusia aliingiza kichwa kwenye pipa la pili, akakitoa haraka.

"Mbona linanuka kama muhogo mchungu?"

"Ndiyo dawa yenyewe hiyo."

"Inapanda kichwani."

"Si ndiyo dawa? Ulitaka inukie marashi?"

Akacheka, akaendelea kusugua. Baadaye alisema anasikia kizunguzungu, akaenda kukaa kivulini. Nikamwambia anywe uji, tangu asubuhi hajala. Jioni ile kuku wake wawili tuliwakuta wamelala miguu juu pale pale tulipomwaga maji. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita kijiji cha pili, kwa hiyo tukasema kideri hicho, kimefika. Lusia aliwafukia mwenyewe. Alisikitika kidogo kwa yule mwekundu, alikuwa mtagaji.

Jumatano tukachemsha ukwaju kutwa nzima, wanawake kumi, mmoja wetu alikuwa safarini, nyimbo, utani, moshi. Ilipopoa tukajaza mapipa yote matano mpaka shingoni, tukayabana. Na hapo ndipo nilipoliona jambo nikafurahi nalo kama mjinga. Nzi hawakuwepo. Ninyi mnajua ukwaju na sukari vinavyoita nzi. Pale kwenye sufuria walikuwa wanatusumbua mpaka mdomoni, lakini kwenye mapipa, hata mmoja. Waliokuwa wamejaribu walikuwa chini, sakafuni, nikawafagia kwa ufagio mara mbili. Mwongozo ulikuwa na alama kumi za usafi, na neno la kwanza lilikuwa hilo, nzi. Nikawaita wenzangu waje waone. Tulipiga vigelegele. Kuna mmoja alisema kichwa kinamgonga, nikamjibu ni moshi wa kuni.

Alhamisi saa mbili asubuhi wenzangu walikwenda barabarani kuwapokea wageni kwa ngoma, Lusia mbele yao na kanga mpya. Nilibaki mimi peke yangu napanga vikombe juu ya meza, kwa mapambo tu. Akaja Mwahija.

Mwahija alikuwa mwenzetu wa kikundi, mfanyabiashara wa chupa, mtoto wa watu wa pwani waliohamia hapa zamani. Hakuwepo siku zile mbili, alikuwa amefuata chupa Kahama. Akaweka furushi lake chini, akayaona mapipa. Akasimama.

"Umeyatoa wapi haya?"

"Rwamgasa. Na yana dawa tayari."

"Nani kakuambia yana dawa?"

"Muuzaji mwenyewe. Kwa mdomo wake."

Akajishika kifua. "Martina! Kule machimboni dawa ni moja tu. Ni sayanaidi! Hii pete ya chuma naijua, na hapa palikuwa na picha ya fuvu. Shemeji yangu kafanya kazi planti miaka sita. Walikuwa hawaruhusiwi hata kula limao karibu nayo, kitu kichachu kinaiamsha. Na ninyi mmetia ukwaju!"

 Kile kizunguzungu cha Lusia. Wale kuku. Wale nzi niliowafagia huku naimba. Vyote vikanijia kwa mpigo mmoja, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Nawaambieni hivi kwa sababu kuna watu wananitetea, wanasema maskini, hakujua. Nilijua. Tangu saa ile nilijua.

Na kwa mbali ngoma ilikuwa imeanza kulia, gari la wageni limefika njia panda.

"Tumwage," akasema Mwahija. "Sasa hivi. Waambie ukweli."

"Nikiwaambia tumekwisha. Kikundi cha Mama Suzana kilipika sumu! Unadhani mwakani kuna mtu atatuita? Unadhani kuna mtu atanunua hata maji mikononi mwetu?"

"Bora hilo."

"Nisikilize. Wanakuja kuhesabu mapipa. Watafungua, watachungulia, wataandika, wataondoka. Mwongozo nimeusoma wote, hakuna pahali pameandikwa kuonja. Wakigeuza kisogo namwaga lote shimoni, na mapipa nayachoma moto. Tunatengeneza upya kwa vyombo vingine. Hakuna mdomo utakaogusa."

"Apa."

"Naapa kwa mwanangu Suzana."

 Mwahija akachukua furushi lake. "Mimi simo," akasema. "Sikuja hapa leo." Akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilimchukia kwa kuondoka. Sasa najua nilitaka aende, maana angebaki angesema.

Kwa nini sikumwambia Lusia? Wakati wanaingia, nafasi ilikuwepo, ningemvuta pembeni kwa sekunde moja. Lakini Lusia uso wake ulikuwa hausitiri kitu. Bi Apolonia angemtazama mara moja tu, basi. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Bi Apolonia aliingia na karatasi zake, na pamoja naye mgeni mkubwa kutoka mkoani, Bwana Luka, mzee mnene mwenye kicheko, mzaliwa wa huku huku kwetu. Nikawazungusha. Mapipa matano, sawa. Mifuniko, sawa. Yaliyotumika tena, sawa, na alama za nyongeza. Bi Apolonia akafungua pipa moja, nikasogea haraka nikalifunika, nikamwambia vumbi, bibie.

"Na nzi hakuna kabisa!" akasema. "Bwana Luka, umeona? Kule kwingine kote tulikuwa tunapunga mikono."

"Nimeona. Hawa akina mama hodari."

"Mmetia dawa, Mama Suzana?"

"Tumetia," nikasema.

Akaandika. Niliona kalamu inavyokwenda, tiki, tiki, tiki, mpaka chini. Akachomoa kwenye mkoba karatasi nene yenye mhuri, akaiweka mezani. Jina la kikundi chetu lilikuwa limeshachapwa, maana walichapa moja kwa kila kikundi. Palibaki sahihi tu. Lusia alinishika mkono, kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho kwa furaha. Nikasema moyoni, dakika mbili, Mungu wangu, nipe dakika mbili tu waondoke.

Bwana Luka akavuta kiti, akakaa.

"Sasa," akasema, "mimi nimetoka mbali, koo limekauka. Mtaniacha niondoke hivi hivi nyumbani kwetu?"

Wanawake wakashangilia. Kabla sijafungua mdomo, mmoja ameshazamisha jagi kwenye pipa, vikombe vinajazwa. Bi Apolonia akawekewa, Bwana Luka akawekewa. Akakinyanyua kikombe chake, akakishusha tena, akatikisa kidole huku anacheka.

"Aa! Mimi mtoto wa huku. Mwenye kinywaji hajatoa sumu, mimi ninywe?"

Watu wakaangua kicheko. Kwetu ndivyo ilivyo. Iwe pombe, iwe togwa, iwe harusini au matangani, aliyekileta kinywaji anapiga funda la kwanza mbele ya mgeni, ndipo mgeni anakunywa. Tunaita kutoa sumu. Tunafanya bila kufikiri, kama unavyovua viatu mlangoni. Hakuna anayekumbuka sumu yoyote.

Lusia akanipa kikombe. "Haya mwenyekiti, tutolee."

Nikakishika. Ile harufu ikanipanda puani, ndani ya tangawizi, muhogo mchungu.  Nikakileta mpaka mdomoni. Wallahi nilijaribu. Mdomo ulikataa kufunguka.

"Vidonda vya tumbo," nikasema. "Daktari amenikataza kitu kichachu."

Pakawa kimya. Ninyi wa mbali mnaweza msielewe kimya kile. Mtu wa kwetu akikataa funda la kwanza la kinywaji chake mwenyewe, hahitaji kueleza zaidi. Niliona macho ya wanawake yakihama kutoka kwangu kwenda kwenye mapipa. Kicheko cha Bwana Luka kilibaki usoni lakini kilikuwa kimeshakufa. Bi Apolonia, asiyejua mambo yetu, alikuwa ameshika kalamu juu ya cheti, anangoja.

Na Lusia akacheka. Akacheka kwa sauti, ili kunisitiri. Alidhani ni aibu tu, alidhani kweli tumbo langu limeniangusha siku hiyo.

"Huyu tumbo lake na ukwaju havielewani tangu ujauzito wa Suzana!" akawaambia. "Mwenyekiti anapika, mimi ndiye mnywaji. Lete hapa."

Akakichukua kikombe mkononi mwangu. Sikukishikilia. Vidole vyangu viliachia vyenyewe, au niliviachia mimi, sijui, nimejiuliza mara nyingi. Kutoka mkononi mwangu mpaka mdomoni kwake palikuwa na muda. Palikuwa na muda wa kusema acha. Ni neno fupi, hata mtoto anaanza nalo. Nilimtazama Lusia, nikatazama kalamu, nikajiambia kafunda kamoja hakaui mtu, tumesuuza, na yeye ana mwili mkubwa.

Hakupiga funda. Alikunywa kikombe chote, kwa kuwaonyesha wageni. Akakigeuza chini juu, wakaona kitupu.

"Haya! Imetoka!"

Makofi yakalia. Bwana Luka akapumua, kicheko kikamrudi, akanyanyua chake. "Kwa afya ya kiwanda chetu," akasema, na kikombe kikagusa mdomo wake wa chini.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Nilipiga kelele ya mtu aliyeona nyoka, nikaruka meza, nikakipiga kile kikombe kikaenda ukutani. Nikakisukuma na cha Bi Apolonia. Juisi ikamwagika juu ya cheti, wino ukaanza kutembea.

"Msinywe! Msinywe! Ni sumu!"

Kila mtu alisimama. Bwana Luka alikuwa anajifuta mdomo kwa shati, anatema mate, anatema mate. Mtu analia, mtu anaita gari. Mimi nilikuwa bado nimemshika yule mzee mkono, kama vile ndiye niliyekuwa nataka kumwokoa tangu mwanzo.

Nikageuka. Lusia alikuwa amesimama pale pale, kikombe kitupu mkononi, kifua kimeanza kupanda na kushuka haraka. Hakuwa ameanguka bado. Alimtazama Bwana Luka, akaitazama juisi ukutani, kisha akanitazama mimi, na nikamwona anaelewa, taratibu, kama alivyokuwa anaelewa mambo yote.

"Martina," akasema. "Yeye umemzuia."